Baiskeli ya Tilda na Msimu wa Korongo

Jumatano, 26 Julai

Siku ya kwanza ya mazoezi ya Korongo, timu yetu ya mpira wa Kimarekani. Mji mzima wa Port Odile umeamka mapema. Mimi sikulala, lakini hilo ni la mwanangu mchanga Emmett na meno yake yanayoota.

Ukungu ulikuwa umetoka ziwani ukajilaza barabarani kama paka. Watoto wamejipanga na baiskeli zao nje ya mlango wa wachezaji, kama kila kiangazi. Mlango ukafunguka. Majitu yakatoka na viatu vya njumu. Kila mmoja akachagua baiskeli ya mtoto, akaipanda, akaiendesha hadi uwanja wa mazoezi, magoti yakimgonga kidevu. Mwenye baiskeli anakimbia pembeni amebeba helmeti ya mchezaji. Ukichaguliwa leo, mchezaji aliyekuchagua ni wako hadi mazoezi yaishe mwishoni mwa Agosti. Babu yangu alibeba helmeti. Mama yangu alibeba. Mimi nilibeba.

Baiskeli ya Brody, mtoto wa jirani yangu Marlys Baenen, imechukuliwa na mrushaji mwenyewe, yule anayeongoza timu nzima. Mwaka wa tatu huu! Marlys kapiga picha hadi simu ikapata moto.

Tilda wangu, miaka saba, alisimama wima na baiskeli yake ya zambarau. Wakapita. Wakapita. Wakaisha. Kama mwaka jana.

Marlys akanipapasa mgongo. Akasema usijali, shoga, ile baiskeli inafaa sana kwa kwendea kuchuma maua.

Nikacheka. Maua! Nitamwonyesha maua.

Njiani Tilda akasema kesho haji. Nikamwambia kwa sauti ya mama kwamba atakuja, na kesho kutwa pia. Sikumtazama. Ningemtazama ningelia. Sasa lazima nimpatie mchezaji.


Ijumaa, 28 Julai

Nimegundua! Wazo limekuja nikinyonyesha, nusu nimelala. Nilimwona Amosa Fuimaono, lile jitu la safu ya mbele, anatembea kwa miguu kwenda mazoezini. Kila siku kwa miguu! Kwa nini? Kwa sababu hakuna kiti cha baiskeli kinachomwenea. Maskini ya Mungu. Anangoja mtu mwenye akili.

Mume wangu Curt aliporudi na lori la maziwa nikamwambia achomoe kiti cha trekta bovu la mjomba wake, akichomelee kwenye baiskeli ya Tilda. Akaniuliza mara ya mwisho nimelala lini. Nikamwambia hilo si jibu. Akachomelea.

Kazi safi. Kiti cha chuma, kipana kama sinia, juu ya baiskeli ya zambarau. Tilda aliitazama kwa muda mrefu. Akasema inafanana na choo. Nikamwambia ni kiti cha enzi. Akauliza tofauti ni nini.


Jumamosi, 29 Julai

Amosa alisimama! Mbele ya baiskeli yetu! Akaweka kiganja juu ya kile kiti, taratibu, kama anapapasa farasi. Moyo wangu ulikuwa unadunda hadi Emmett akaamka kifuani. Kisha jitu likainama, likamwambia Tilda kwa sauti ndogo kabisa: kiti kizuri, mdogo wangu, lakini mimi sijui baiskeli, sijawahi kujifunza, na sitaanzia mbele ya kamera.

Akaenda zake. Kwa miguu.

Marlys alikuwa anajifunika mdomo. Na wa mwanawe akaufunika.

Watoto wote wakaondoka na wachezaji wao. Tukabaki sisi na ukungu. Nikawa nakunja uso tayari kwa ile safari ya nyumbani, mlango ukafunguka tena. Akatoka kijana mwembamba, kamba za viatu zinaburuta, jezi haina jina. Akauliza kama bado kuna usafiri. Tilda akasema upo huu. Kijana akakaa kwenye kiti cha trekta kama chifu. Akauliza baiskeli inaitwa nani. Mimi mama yake sijawahi kumuuliza! Inaitwa Clementine. Haya, Clementine, akasema kijana, twende tukafukuzwe kazi.

Anaitwa Lonnie Petrakis. Ni mpigaji. Jamani, mpigaji! Watu wanapigana mieleka kwenye tope, yeye anangoja pembeni na koti, aitwe apige mpira upite katikati ya milingoti miwili, arudi kwenye koti. Nilitaka jitu, nimepata kijiti.

Lakini Tilda alikimbia na ile helmeti kubwa kuliko kifua chake, mdomo wazi, nywele nyuma. Na mezani akazungumza. Tilda anayejibu kwa mabega! Lonnie anaogopa mabata. Lonnie anakula ndizi na haradali. Lonnie akipiga mpira vizuri hausikii mguuni kabisa, ni kama umepiga hewa.

Marlys alipita jioni kuniambia, kwa furaha isiyojificha, kwamba wapigaji wako wawili na nafasi ni moja. Mwingine ni Dale Grubich, aliye Korongo tangu mimi niko shuleni. Mwisho wa Agosti mmoja anapewa mkono wa kwaheri.

Tilda hajui. Na asijue. Mama yake yupo.


Jumapili, 13 Agosti

Pikiniki ya parokia. Wachezaji hualikwa, na wanakuja, kwa sababu ya buya. Hakuna anayekataa buya: kuku, nyama, kabichi, viazi, vyote vimechemka tangu alfajiri kwenye sufuria unayoweza kuogea ndani, na unakoroga kwa kasia. Leo zamu ya kukoroga ilikuwa yangu.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Grubich ana umri wa kunenepa. Nikamtengea bakuli lake. Mafuta yote ya juu, kipande cha siagi, ngozi ya kuku, siagi tena. Nikampelekea mwenyewe kwa tabasamu, nikamwambia kula, kaka, tunakutegemea. Akanishukuru hadi nikaona haya kidogo.

Nikaenda kumbadilisha Emmett nepi nyuma ya hema. Jua lilikuwa tamu. Bendi ilikuwa inapiga muziki wa polka kama inatokea chini ya maji. Nadhani nilisinzia nikiwa nimepiga magoti. Nilimwona Grubich amekuwa mviringo kabisa, anapaa juu ya paa la kanisa, anapungia mkono watu wa mji.

Nilipofumbua macho Tilda alikuwa mbele yangu, amefurahi. Akasema mama, bwana Grubich ni mkarimu sana. Mke wake hamruhusu siagi, basi bakuli lake lote kampa Lonnie. Na Lonnie, kwa kuwa alifundishwa adabu, kalimaliza.


Jumatatu, 14 Agosti

Nilikaa nyuma ya uzio. Lonnie alipiga mpira kama ng'ombe anayefukuza nzi. Kushoto. Kushoto. Kulia. Mmoja ulimgonga mpiga picha. Katikati ya zoezi akaomba ruhusa akakimbia kichakani.

Grubich hakukosa hata mmoja. Mwepesi kama unyoya.

Kocha aliandika kitu kwenye kikaratasi. Kirefu.


Jumanne, 29 Agosti

Leo ndiyo siku ya kupunguza wachezaji. Majina husomwa redioni. Nikaficha redio kwenye kapu la nepi chafu, nikaficha simu ya Curt, nikawachukua watoto wote wawili ziwani tangu asubuhi. Mpango: tukae hadi jioni, kisha nimwambie Tilda mwenyewe, pole pole, nikishapata maneno.

Siku ilikuwa nzuri kama ya kuazima. Maji yametulia. Korongo wa kweli, ndege, walipita juu wakipiga kelele zao kama milango mikuukuu. Emmett alilala mchangani. Tilda akajenga milingoti miwili kwa vijiti na kupitisha kokoto katikati. Nikawa napanga maneno. Kila nililopanga likayeyuka.

Kisha Brody akatokea na baiskeli yake, anahema. Akapaza sauti toka mbali: mtu wenu katemwa!

Tilda hakulia. Hilo ndilo lililoniua. Akafukia vile vijiti vizuri, akapiga mchanga kwa kiganja. Akaniuliza sasa helmeti ya Lonnie atabeba nani. Nikamwambia ataibeba mwenyewe. Akasema ni nzito, mama, wewe hujui.

Nikaona nimwambie ukweli kuhusu lile bakuli. Nilisema yote, na siagi. Akafikiri. Akasema Lonnie alijua ni mafuta mengi, alimwambia, lakini aliyepika alionekana amechoka na hakutaka kumvunja moyo.

Marlys kaleta pai jioni. Pai ya msiba. Akasema ndiyo mpira huo, shoga. Nimeila yote nimesimama.

Tilda kaingiza baiskeli gereji mwenyewe na kuigeuza iangalie ukuta. Amesema mwakani haendi tena. Safari hii hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu mzima.

Kwa hiyo Lonnie lazima arudi. Hakuna namna nyingine.


Jumapili, 17 Septemba

Nimejiaibisha.

Tulikuwa ukumbi wa parokia, mji mzima, mechi kwenye skrini kubwa. Tumepitwa pointi mbili. Grubich anakuja kupiga ya mwisho, ya pointi tatu. Watu wameshikana mikono. Kina mama wanaomba. Akapiga. Ukaenda pembeni kabisa.

Nikapiga makofi.

Mara moja tu! Lakini ukumbi wote ulikuwa kimya, na kofi langu likasikika hadi jikoni. Vichwa vikageuka. Padri akageuka. Nikasema nilikuwa naua mbu. Marlys akaniuliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, mbu huyo alikuwa amevaa jezi ya nani.

Tangu nizaliwe sijawahi kuitakia Korongo mabaya. Nilivaa jezi yao kwenye ubatizo wangu. Na sasa kila Jumapili nakaa na mwanangu kifuani nikiomba mzee wa watu akose. Curt anasema hiyo ni dhambi. Nikamwambia ni dhambi ndogo, ya pointi tatu tatu.


Jumatano, 25 Oktoba

Grubich kachanika msuli wa paja. Msimu wake umekwisha.

Sikuomba hilo! Niliomba akose tu. Nilimwekea mipaka Mungu waziwazi.

Nikaoka keki ya tufaha, nikaenda kwake kuomba radhi bila kutaja kosa. Mkewe akafungua. Akasema mume wake hali sukari. Akaichukua hata hivyo, akaanza kuila palepale mlangoni kwa vidole, macho amefumba. Nikamwambia pole. Akasema na kinywa kimejaa kwamba pole ya nini, miaka yote hiyo kila Jumapili yeye mke ndiye tumbo linamuuma kwa hofu, leo ndiyo mara ya kwanza anasikia ladha ya chakula.

Nimerudi nyumbani, redio inasema Korongo wamemwita Petrakis. Alikuwa Ohio, anapaka rangi nyumba na mjomba wake.

Nilidhani Tilda ataruka. Hakuruka. Alienda gereji, akageuza baiskeli itazame mlango, akajaza upepo magurudumu. Nikamkumbusha kwamba baiskeli ni za kiangazi tu. Akasema anajua. Anaiweka tayari tu.

Niliingia chumba cha kufulia nikalia kidogo kwenye taulo. Kisha nikalikunja.


Jumamosi, 9 Desemba

Theluji hadi kiunoni. Uwanja ukatangaza, kama kawaida, kwamba wenye makoleo waje kuondoa theluji kwa ajili ya mechi ya kesho. Mtoto haruhusiwi, nikamwacha Tilda na baba yake. Mpango: nijipatie sehemu ya chini karibu na milingoti, nisafishe njia ya Lonnie kwa mikono yangu, kesho mguu wake usiteleze.

Wakanipeleka juu kabisa. Safu ya mwisho. Mawingu yalikuwa chini yangu, nadhani.

Nikapiga koleo. Joto likanipanda. Nikakaa kidogo tu kupumua. Ilikuwa kimya vile ambavyo nyumba yangu haijawahi kuwa. Hakuna anayelia. Hakuna anayeuliza soksi iko wapi. Theluji ilikuwa inashuka kama mtu anakufunika. Viti vyote vikageuka vitanda, safu kwa safu, na kila kitanda kina mama mmoja amelala, na Korongo wanapita katikati kwa vidole vya miguu, njumu mkononi, wasituamshe.

Nimeamshwa na koleo. Mzee mmoja alidhani mimi ni rundo.

Chini kabisa, mtu mmoja mdogo alikuwa anapiga mipira peke yake. Lonnie! Kila mpira katikati, bila sauti, mmoja baada ya mwingine, kama ananyonyoa mwezi. Nikasimama nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote. Uwanja mtupu ukamwitia mara nne. Akashtuka. Akakosa. Akaangalia juu na kupunga mkono asijue ni nani.

Bora asijue.


Jumapili, 7 Januari

Mechi ya mwisho. Tukishinda, tunaingia mtoano. Tukishindwa, tunaenda kufungasha vitu. Marlys alitualika kwake. Tumesameheana, au kitoweo chake cha jibini kimetusamehe.

Pointi moja nyuma. Sekunde mbili. Lonnie.

Tilda alisimama katikati ya sebule na mikono imenyooka, kama amebeba kitu. Emmett kalala begani kwangu. Mimi sina nilichopanga. Kweli! Kwa mara ya kwanza msimu huu mikono yangu ilikuwa mitupu.

Mpira ukapanda. Ulikwenda polepole mno. Niliona nyuzi zake. Niliona theluji ikiupisha. Ukafika kwenye mlingoti wa kulia, ukagonga, ukakaa hewani kama unafikiri. Ukaanguka nje.

Watu wakashika vichwa. Kisha binamu mmoja wa Marlys akasema huyo mpuuzi arudi Ohio akapake kuta. Wanaume wakaunga mkono.

Tilda akamgeukia. Akamuuliza: wewe ulishapiga? Upepo ulikuwa unatoka kushoto. Ulikuwa unatoka kushoto na uliuona na wewe.

Nikafungua mdomo kumtetea. Marlys akanitangulia. Akazima televisheni, akamwambia binamu yake afunge domo kwenye nyumba yake, mtoto anasema kweli. Akamkatia Tilda kipande kikubwa kuliko cha Brody.

Kuna siku nampenda yule mwanamke. Haizidi saa moja, lakini nampenda.


Jumatatu, 8 Januari

Siku ya kufungasha. Wachezaji hutoka na mifuko ya plastiki, viatu na mashati ya msimu mzima ndani. Watu hungoja uzioni. Nilijua hakuna atakayemngoja Lonnie, angalau si kwa wema. Nikawapa Brody na wenzake biskuti ili akitokea wamshangilie. Kosa langu: niliwapa mapema. Walikula, mrushaji akatoka, wakamfuata hadi garini.

Lonnie akatoka kichwa chini. Uzio mzima ukanyamaza. Mtu mmoja akazomea.

Tilda akamwita. Si kwa sauti kubwa. Lonnie akaja, akachuchumaa upande wa pili wa waya, mfuko wake kando. Mimi nikabaki mbali. Miguu yangu ilitaka kwenda, nikaikataza. Walizungumza, akacheka, akafuta pua kwa mkono wa koti. Kisha akainuka akaondoka, kichwa kimerudi mahali pake.

Garini nikamuuliza Tilda, Lonnie amesema nini. Hajui kama watambakiza, wataamua Machi. Na wewe umemwambiaje? Nimemwambia kama si hapa, atafute mji wenye watoto. Na wewe Julai? Tilda akatazama dirishani. Akasema atakwenda kusimama na Clementine, na yeyote atakayetoka wa mwisho atamchukua. Lakini kwanza atamweleza habari za Lonnie, ajue amekalia kiti cha nani.

Akalala kabla ya daraja. Barabara yote ilikuwa nyeupe na laini. Niliendesha polepole ili isiishe.


Jumatano, 10 Januari

Nimesikia jambo!

Anayeamua nani abaki ni meneja mkuu. Meneja mkuu ana mke. Mke ana mtoto mchanga. Kila Alhamisi mke na mtoto huenda darasa la kuogelea la watoto wachanga kwenye bwawa la jumuiya. Kina mama huzungumza majini. Majini mtu hawezi kukukimbia.

Curt akaniuliza si Tilda ameshasema yuko sawa, hata Lonnie akienda? Nikamwambia Tilda ana miaka saba, anajua nini kuhusu mikataba. Akauliza Emmett anajua kuogelea? Nikasema ndiyo maana kuna darasa. Akauliza na wewe? Nikamwambia asinichoshe.

Nimeshaliona kabisa nikikunja nguo. Maji ya vuguvugu, buluu. Mimi na mke wa meneja tunaelea chali, watoto wetu juu ya matumbo kama vikombe. Tunazungumza habari za meno. Kisha, polepole, bila kumshtua, habari za upepo unaotoka kushoto.

Ni kesho. Nimenunua vazi la kuogelea. Kina cha bwawa sikukiuliza. Nitashika ukingo kwa mkono mmoja.